Mayai ya Mnadani na Gunia la Lumbesa

Kama umewahi kusali katika usharika wa kijijini, iwe milima ya Usambara, Njombe au Kagera, mnada wa baada ya ibada si mgeni kwako. Waumini wasio na fedha mkononi wameleta walichonacho: mkungu wa ndizi, kisado cha maharage, jogoo aliyefungwa miguu, mayai matano ndani ya kitambaa. Watu wanatoka nje, mzee wa kanisa mwenye sauti nzito anasimama mbele yao, na bei inaanza kupanda. Mayai ambayo dukani yangeuzwa shilingi elfu mbili yanafika elfu kumi. Aliyeshinda ni mfanyabiashara wa mazao. Analipa, kisha anasema, "Mpeni bibi aliyeyaleta." Vigelegele. Bibi anarudi nyumbani na mayai yake, kanisa limepata fedha, mfanyabiashara amepata jina jema.

Nimeyaona hayo tangu utotoni na bado yananigusa. Bibi yule hakuja kuomba, alikuja kutoa, na sadaka yake imetajwa kwa sauti na kugombewa mbele ya watu wote. Foleni ya msaada haimpi mtu heshima kama hiyo. Lakini anayetaka kuelewa dini na jamii zetu zinafanya nini juu ya umaskini aanzie hapo hapo mnadani, kwa sababu pale yamekaa maswali mawili tuliyozoea kuyachanganya. La kwanza: bibi huyu atakula nini wiki hii? La pili: imekuwaje yeye ana mayai matano na mnunuzi ana lori?

Swali la kwanza ni la umaskini. Hilo tunalipima. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulikuta Watanzania asilimia 26.4 wakiishi chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Swali la pili ni la pengo, na pengo lina tabia yake. Umaskini unaweza kupungua huku pengo likipanuka: wote wawili wamepanda ngazi, ila mmoja kapanda hatua moja na mwenzake kumi. Oktoba 1970 Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki wa misa za kila siku, alialikwa kuzungumza na masista wa shirika la Kikatoliki la Maryknoll huko New York. Aliwaambia kwamba tatizo kubwa la dunia ya leo si umaskini wenyewe, ni kugawanyika kwa wanadamu kuwa matajiri na maskini, na kwamba Kanisa lisiloshiriki kuipinga mifumo inayowafunga watu katika ufukara halitakuwa na maana kwao. Maneno mazito kuwaambia wenyeji wako. Sina hakika kama hata leo tungeyapokea vizuri.

Tuanze na njia kongwe kuliko zote, na neno lenyewe linatuchanganya. Kwa Kiswahili Mkristo na Mwislamu wote wanasema zaka, lakini hawasemi kitu kimoja. Zaka ya Mkristo ni fungu la kumi: sehemu moja ya kumi ya pato, inapelekwa kanisani. "Leteni zaka kamili ghalani," Malaki 3:10, mstari unaosomwa kila msimu wa mavuno. Fedha hiyo inaendesha kanisa: posho ya mwinjilisti, paa, sehemu inayopanda dayosisini, na kipande, mara nyingi chembamba, kinachobaki kwa diakonia, yaani huduma kwa wahitaji. Mstari ambao husomwa mara chache zaidi ni Kumbukumbu la Torati 14:28-29, unaoagiza kwamba kila mwaka wa tatu fungu la kumi lote liwekwe malangoni pa mji, aje mgeni, yatima na mjane, wale na kushiba pamoja na Mlawi, mtumishi wa ibada. Yaani mwenye kuandika sheria ile alikwisha kuona kwamba ghala lisipofunguliwa kwa ratiba litajaa bila maskini kulisogelea.

Zaka ya Mwislamu haitozwi kwenye kipato. Inatozwa kwenye mali iliyokaa. Ukiwa na akiba au bidhaa za biashara zinazofikia nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, ambacho kwa dhahabu ni gramu 85, na mwaka mzima wa Kiislamu ukapita, unatoa sehemu moja ya arobaini. Kwa aliyefikia nisabu, katika kila milioni ishirini zilizotulia hutoka laki tano. Mkulima hangoji mwaka. Siku ya kuvuna anatoa moja ya kumi kwa shamba la mvua, au moja ya ishirini kama alimwagilia kwa gharama zake, mradi mavuno yamefika karibu kilo 650. Fikiri kidogo juu ya hesabu hiyo. Aliyetaabika zaidi anatozwa kidogo zaidi, na asiye na ziada hatozwi kabisa. Hii ni kanuni ya kodi yenye kujali jasho, na ina zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu.

Wapokeaji nao wametajwa, makundi manane, katika Sura At-Tawba aya ya 60: mafukara, maskini, wanaoisimamia zaka, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, walio utumwani wakombolewe, wenye madeni, njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri aliyekwama. Wanazuoni wengi wanasema haifai kujengea msikiti. Msikiti una sadaka zake.

Hapa pana jambo ambalo ningependa lizungumzwe zaidi kwenye darsa za Ramadhani. Mwezi ule ukifika, mbele ya maduka ya matajiri wengi hujipanga foleni, na kila mtu anaondoka na noti moja ya elfu mbili au ya elfu tano. Zaka imetoka, deni la ibada limelipwa. Lakini madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu kuanzia Lamu hadi Kilwa, yana mafundisho mengine kuhusu kiasi cha kumpa mtu. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii wa karne ya 13, ameeleza kwamba fukara apewe kile kitakachomtoa kwenye ufukara: fundi apewe zana za kazi yake, mfanyabiashara apewe mtaji wa biashara anayoijua. Noti elfu moja za shilingi elfu mbili ni watu elfu moja waliokula futari jioni moja. Fedha hiyo hiyo, milioni mbili, ni cherehani kadhaa pamoja na vitambaa vya kuanzia, na familia kadhaa ambazo Ramadhani ijayo hazitapanga foleni. Sisemi futari si kitu. Mwenye njaa hangoji cherehani. Nasema fiqhi yenyewe, sheria ya dini, inamtaka mtoaji afikirie mbali kuliko foleni.

Wakfu ni fikra nyingine kabisa. Mtu anaifunga mali yake, nyumba, shamba la minazi au kisima, isiuzwe, isirithiwe, isitolewe zawadi, na pato lake liende kwa jambo alilolitaja, vizazi na vizazi. Katika Mji Mkongwe wa Unguja nyumba nyingi ni za wakfu, na leo ziko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Uzuri wa wakfu ni subira yake: sadaka huliwa siku moja, wakfu huzaa. Ubaya wake ni kwamba nyumba inahitaji chokaa na boriti, na kodi ndogo zilizowasaidia wapangaji wa kipato cha chini zimeshindwa kugharimia matengenezo, kwa hiyo baadhi ya nyumba zimeporomoka mikononi mwa nia njema.

Na wakfu una historia ambayo hatuna budi kuitazama bila kufumba macho. Baadhi ya wakfu za Zanzibar ziliwekwa na matajiri wa karafuu kwa ajili ya watu waliokuwa watumwa wao, wapate mahali pa kukaa baada ya kuachwa huru. Ni hisani, na wengine waliishi kwa hisani hiyo. Lakini nani aliyepanda mikarafuu? Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na aliyekuwa mtumwa akajikuta ni mpokeaji wa sadaka kutoka katika mali iliyotokana na mgongo wake. Umaskini wake ulipozwa. Pengo lilibaki na hatimiliki.

Wamisionari nao wana yao. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakawakomboa watoto sokoni na kuwajengea kijiji. Wabenediktini wakaanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda miaka michache baadaye. Shule na hospitali zao zimeokoa watu wasiohesabika, na hadi leo mtu wa kusini akiugua sana ndugu zake huuliza kwanza kama kuna gari la kwenda Ndanda. Mwaka 1971 zikafunguliwa hospitali kubwa za KCMC pale Moshi na Bugando pale Mwanza. Katika wilaya kadhaa hospitali ya kanisa ndiyo iliyokuwa, au bado ndiyo, hospitali teule ya wilaya: jengo la kanisa, mishahara ya serikali, wagonjwa wa dini zote.

Tatizo ni ramani. Misheni ilijengwa pale mmisionari alipokaribishwa na hali ya hewa ikamfaa, kwa hiyo Kilimanjaro na Bukoba wakapata shule mapema, na sehemu nyingi za pwani na za kati zikangoja. Wazazi Waislamu wengi hawakutaka kupeleka watoto kwenye shule ambako kusoma kulifuatana na kubatizwa, na nani atawalaumu? Ulipofika uhuru, elimu ilikuwa imegawanyika kwa mkoa na kwa dini. Mikono ile ile iliyopunguza umaskini ilikuwa imepanda pengo, bila kukusudia. Serikali ilizitaifisha shule za mashirika ya dini baada ya sheria ya elimu ya 1969, sehemu ya sababu ikiwa hiyo. Mwaka 1992 makubaliano kati ya serikali na makanisa yakafungua upya mlango wa ushirikiano katika elimu na afya, na malalamiko ya Waislamu kwamba fedha ya umma inaimarisha upande mmoja yakaongezeka. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilichoanza mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, shirika la umeme, kilikuwa sehemu ya kujibu lalamiko hilo. Nadhani lalamiko lenyewe ni la haki kusikilizwa, na ni somo zuri kwetu sote: ukimpa mmoja ngazi, umemfanya jirani yake awe mfupi zaidi.

Sasa tuache nyumba za ibada, tuingie uani kwa mama mmoja siku ya kikoba.

Wanawake ishirini na tano au thelathini wamekaa kwenye mkeka. Katikati kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu ambao si viongozi. Kila mmoja ananunua hisa, moja hadi tano, kwa bei waliyokubaliana. Kando kuna mfuko wa jamii wa kusaidiana msiba na ugonjwa. Mikopo inatoka kwenye hisa, riba inarudi kwa wenye hisa, na mwisho wa mwaka kikoba kinavunjwa: sanduku linafunguliwa, kila mtu anaondoka na chake pamoja na faida. Mtindo huu ulianzishwa na wanawake wa Maradi, Niger, mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, na kwetu ulipita Zanzibar, karibu na msitu wa Jozani, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ulishika haraka kwa sababu ulikuta tayari tuna upatu, kula kikoa, na vyama vya kufa na kuzikana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ikavitambua rasmi. Visiwani baadhi ya vikundi vimeacha riba na kutafuta njia nyingine za kugawana faida, ili sanduku lisimgombanishe mtu na imani yake.

Kikoba ni chombo cha ajabu kwa mtu mwenye kidogo. Ada ya shule Januari, mbolea Novemba, bati la chumba cha pili. Lakini mtazame asiyekuwepo mkekani. Ni yule asiye na shilingi elfu mbili za uhakika kila wiki, na ambaye hakuna wa kumdhamini kwa sababu akishindwa wao ndio watalipa. Hakufukuzwa. Alijitoa mwenyewe kimyakimya ili asiaibike. Wengine wanabaki kwa kukopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ambayo riba yake inakula godoro na televisheni, ili tu walipe marejesho ya kikoba. Kikundi kinachojengwa na watu wanaolingana kinainua walio karibu kulingana. Ndivyo kinavyofanya kazi, na ndiyo maana hakiwezi kufanya kazi nyingine.

Harambee ya Kenya ilionyesha jambo hilo hilo kwa ukubwa wa nchi. Tangu 1963, neno hilo likiwa kwenye nembo ya taifa, wananchi walijijengea shule, mabwawa na zahanati kwa kuchangishana. Lakini wilaya zenye kahawa na watu wa mjini zilichanga nyingi, wilaya za ukame zilichanga chache, na baadaye jukwaa la harambee likawa mahali pa mwanasiasa kumwaga bulungutu. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliamuru fedha alizotoa Rais William Ruto katika kanisa la Soweto, Kayole, zirudishwe. Ulikuwa uamuzi wa gharama kwa parokia iliyokuwa inajenga. Naheshimu sana uamuzi ule, maana mkono uliokwisha kupokea haunyooshi kidole.

Kunyoosha kidole kwa pamoja kumewahi kutokea kwetu. Mwaka 2008 Jumuiya ya Kikristo Tanzania, Baraza la Maaskofu Katoliki na BAKWATA, baraza kuu la Waislamu, walitoa ripoti moja juu ya dhahabu: nchi inachimbwa, kampuni zinauza nje, na mrabaha, yaani fungu ambalo kampuni inailipa serikali kwa madini inayochimba, ni asilimia 3 tu. Masheikh na maaskofu hawakuwa peke yao katika kelele hizo. Kamati ya serikali juu ya madini, chini ya Jaji Mark Bomani, ilikuwa kazini wakati huo huo, na wanaharakati walikuwa wametangulia. Lakini kukaa kwao meza moja kulifanya isiwezekane kusema ni siasa za upinzani. Sheria mpya ya mwaka 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4, na mabadiliko ya 2017 yakaufikisha 6. Mwaka 2012 kamati yao ya pamoja ilirudi tena na swali la kodi, ikikadiria kwamba nchi inapoteza hadi zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka kwa misamaha, ukwepaji na utoroshaji wa fedha. Hakuna kikapu cha sadaka kinachoweza kuijaza hasara hiyo.

Rudi nami kwa bibi wa mayai, maana dhahabu iko mbali na kijiji chake, lakini mfanyabiashara yuko jirani.

Wakati wa mavuno bibi anauza viazi, vitunguu au mahindi. Mnunuzi anakuja na magunia yake. Gunia linasemwa ni la kilo 100, na bei ni ya gunia. Likishajaa, linashonewa kofia ya wavu juu, linajazwa tena hadi linakuwa na kichwa na mabega. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo inaikataza na Wakala wa Vipimo hupiga kelele kila msimu, lakini shambani hakuna mzani, lori linanguruma, na bibi anahofia likiondoka mzigo utamwozea. Chukua gunia lililobeba kilo 120 kwa bei ya 100, ambalo si kubwa kwa lumbesa. Kila magunia matano anayouza, la sita limekwenda bure. Akiuza kumi, magunia mawili. Hakuna mnada wa mayai, hata mnunuzi akipandisha bei mara tano, unaoweza kumrudishia hayo, na mnunuzi wa mayai na mwenye magunia mara nyingi ni mtu mmoja. Simwiti mnafiki. Naye anapimiwa na mwenye ghala mjini, naye ana mkopo wa lori. Anapotoa elfu kumi kwa mayai anatoa kwa moyo.

Vitabu vyetu vilikuwa vimeliona hili mapema sana. Walawi 19:36 inaagiza mizani ya haki na vipimo vya haki. Kurani ina sura nzima, ya 83, iliyoanza kwa "Ole" kwa wapunjao, ambao wakijipimia kwa watu hutaka wajaziwe na wakiwapimia wengine hupunguza. Zaka ina hesabu zake, sadaka ina fadhila zake, lakini kupunja kumelaaniwa moja kwa moja. Hata hivyo ni mara ngapi umesikia hotuba ya Ijumaa au mahubiri ya Sikukuu ya Mavuno juu ya lumbesa? Mimi za kutoa sadaka nimesikia nyingi mno. Za kupima, mbili labda, na moja ilihubiriwa na mwinjilisti ambaye yeye mwenyewe alikuwa mkulima wa vitunguu.

Nimewahi kulisema hili kwa wazee wa usharika, na jibu lilikuwa kwamba tutawaudhi watoaji wakubwa. Huenda. Lakini mzani wa kupimia magunia si kitu kisichonunulika. Usharika uliojenga mnara wa kengele unaweza kuununua kwa mnada wa Jumapili chache, na msikiti wa jirani ukachangia, kwa kuwa magunia hayana dini. Wala hausubiri mfadhili wa kutoka nje. Uwekwe uwanjani siku ya mavuno, pale pale penye mnada, na kabla jogoo wa kwanza hajanadiwa gunia la bibi lipandishwe, namba isomwe kwa sauti na yule mzee mwenye sauti nzito, mnunuzi akiwa amesimama hapo anasikia.